Kupiga

Mtaa wa Aggrey, saa nne, mabati yameanza kulia kwa jua.
Laki sita na nusu ndani ya soksi ya kushoto,
kibali cha kuwinda kimekunjwa mara nne mfukoni,
nimesimama mbele ya kaunta ya Tweve
kama mtu aliyekuja kuposa bila mshenga.

"Unapiga nini, kaka? Harusi? Kipaimara?"
Pongo, namjibu. Na kanga,
wale wenye mabawa, si wa pindo na jina.
Anacheka, anapangusa kioo kwa kiwiko.

Lugha yetu bahili: kitenzi kimoja tu
tunakituma kwa risasi, kwa picha, kwa pasi, kwa simu,
na pale Mikoroshini, kwenye dele la kahawa,
shemeji yangu Mwinshehe hukituma kwa chuku.
"Huyo pongo ulimkuta amekufa," husema,
na wenzake hushusha vikombe ili wacheke vizuri.
Ndiyo maana nimekuja. Ushahidi. Basi.

Ya kwanza inaenea kiganjani kama kiberiti,
hufungwa kwenye mtutu, itazame inakotazama risasi.
Namwuliza Tweve kama bunduki imewahi kumpiga teke.
Hii ya marehemu baba ina mguu wa punda:
skrubu hizi zitafika Mkuranga kabla yangu.

Ya pili ni ya kichwani.
Najitazama kwenye kioo: mchimba dhahabu aliyepotea Kariakoo.
Nikigeuka kumfukuza mbung'o, dunia nzima itageuka,
Mwinshehe atatapika kahawa yake,
jambo ambalo, kusema kweli, nalifikiria kidogo.

Ipo kubwa, ya lenzi ndefu kama mchi,
inahesabu kope za ndege aliyeko ng'ambo ya bonde.
Bei yake ni kiwanja Chanika.
Na nani ataishika? Mikono yangu miwili tayari ina kazi.

Naulizia mambo yasiyoandikwa kwenye boksi.
Inalia ikiwashwa? Inalia, lakini inanyamazishwa.
Hii taa nyekundu? Bandika plasta.
Betri, alfajiri ya umande, inakaa saa ngapi?
Na upepo?
Ananiletea maiki iliyovishwa manyoya meusi,
ya bandia, laini, na vidole vyangu vinazama humo
kama vinavyozama shingoni mwa mnyama aliyekwisha kupoa.
Nairudisha taratibu.

Ya mwisho ni ya kifuani. Mkanda, kibano, kitufe kimoja.
"Hii haioni unachokiona," anasema Tweve, "inaona mikono yako.
Na sauti, sikiliza." Anarudisha nyuma, anaongeza.
Chini ya jenereta, chini ya wanadi soksi,
kuna kitu kinatwanga. Du. Du. Du.
"Huo ni moyo wako, kaka."

Sikumwambia habari za Agosti.
Pongo jike, hatua ishirini, sikio moja limepasuka,
kidole changu kimeshakaa mahali pake,
naye akanyanyua kichwa, akatafuna.
Akatafuna tu.
Mikoroshini nilisema risasi ilidoda.

"Hiyo sauti inafutika?"
"Inafutika. Mikono ndiyo itabaki."

Nikavua kiatu, nikatoa hela.

Jioni, Rangi Tatu, mke wangu Siwatu akaiunganisha na televisheni.
Kumbe sikuizima. Dakika kumi na moja:
risiti, mfuko wa karatasi, kucha zangu, lami ya Uhuru.
"Hapa mbona mikono inatetemeka hivi? Ulikuwa unavuka barabara?"
Nikamwambia nilikuwa nahesabu chenji.
Akarudisha nyuma. Akatazama tena.