Hamsa wa Ishirini

Jumatano, saa nane na nusu, darasa la nne,
Chumbageni, dirisha halina kioo wala haja nacho.
Nimeandika ubaoni: ich.
Watoto thelathini na tisa wanasoma: ishi.
Siyo hivyo, nasema, pumzi ipenye juu ya ulimi,
kama paka aliyeona mbwa kizingitini.
Ishi haise Mwanamkuu.
Ishi haise Sechonge.
Nimekataza mpaka koo limekauka.
Basi, waishi.

Ü waliiweza siku ya kwanza:
chongoeni midomo, mnapuliza uji wa moto.
Darasa la tatu wakaja kuchungulia,
wakidhani huku tunafuturu mchana.

Shida ni jinsia. Meza kwao ni mwanamume,
taa ni mwanamke, na msichana,
kitabu kinasema msichana si huyu wala si yule.
Zaituni akasimama, kola imeng'oka upande:
"Kwa hiyo mimi kitu?"
Nikamwambia, na sisi je? Kijana tumemvika ki ya kiti,
kiziwi na kipofu tumewapanga kabatini na vikombe,
ila mbu, mbu anakuja, anauma, anaondoka,
yumo kwenye ngeli ya watu na heshima zake zote.
Akaketi. Hakuridhika.
Mimi pia, kusema kweli.

Neno moja walilikuta wanalo tayari: shule.
Wakaligeuza mdomoni, shule, Schule,
kama pipi iliyotoka shavuni mwa mtu mwingine.
Mhoza akauliza, tulilinunua au tuliazima?
Nikasema walilisahau walipoondoka.
"Kama mgeni na mwavuli."
Na hela pia, nikaongeza.
"Hela waliacha jina tu," akasema Mhoza.

Ukurasa wa saba kuna mtoto wa kule,
siku yake ya kwanza ya shule,
kakumbatia pembe ya karatasi inayompita kichwa,
imejaa peremende hadi mdomoni.
"Karanga!" darasa zima likapiga ukelele.
Hiyo ni ya karanga, mwalimu,
ila muuzaji wake ana roho nzuri.

Leo tumefika kwenye namba.
Kitabu kimechora baluni ishirini na tano, nyekundu zote.
Nikaeleza: kwao tano hutangulia, ishirini hufuata nyuma,
fünfundzwanzig.
"Kama bibi!" Mwanamkuu akaruka.
"Bibi akikasirika husema,
nitakutia hamsa wa ishirini!"
Wakacheka; kumbe kila nyumba inalo,
tishio lisilo na mwenyewe, linalala jikoni na masufuria.

Hawajui. Mimi najua.
Mama alinisimulia akichambua mchele, hakuinua macho:
babu yake, shamba la mkonge, njia ya Muheza,
kalazwa juu ya pipa.
Bwana shamba alikaa kivulini na saa yake.
Aliyehesabu kwa sauti alikuwa mtu wa kwetu.

Fimbo yangu ya mpera ipo mezani,
ya kuonyeshea ubao, ndivyo ninavyowaambia wazazi.
Nimeonyesha kwa kidole.

"Mwalimu, halafu?"
Halafu nini?
"Baada ya hiyo inakuja ngapi?"

Nikasimama kidogo.
Kwetu hesabu huishia hapo;
mtu huteremshwa, huitwa mwingine.
Nikageukia ubao, chaki ikavunjika, nikaokota kipande.
Sita na ishirini.
Wakaipokea kwa midomo ya uji,
zeksi-unti-tsvantsigi, wote thelathini na tisa,
mpaka mwalimu mkuu akagonga ukuta.
Sikuwanyamazisha.
Namba hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia.