Karatasi Iliyoishia Getini

Mimi ni karani wa dirisha namba nne,
mahakama ya kaunti, Lawton, Oklahoma.
Mizinga ya kambini ikilia asubuhi
vioo vyangu hutetemeka, kalamu hubingirika mezani.
Sishtuki. Miaka kumi na tisa.

Alhamisi alikuja Delphine Arrieta,
mkono huu mtoto, mkono ule karatasi
iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikawa myeupe.
"Amri ninayo tayari," akasema.
"Naomba tu muigonge muhuri."

Nikaisoma. Ya Kapteni Whitlow, kamanda wa mumewe:
Sajini Brandt asimkaribie mkewe hatua mia,
asimpigie simu, asimtume mtu.
Maneno mazito. Maneno ya mtu
anayeamshwa na tarumbeta.

Lakini Jumapili usiku, nje ya duka la vyakula,
sajini alisimama kando ya gari la mkewe.
Hakugusa kitu. Alisimama tu,
kama mtu anayengoja chenji.
Polisi akaja, akamulika karatasi kwa tochi,
akaisoma yote, midomo ikitembea,
akairudisha: "Mama, hii ni ya jeshi.
Siwezi kumfunga mtu kwa neno la bosi wake."

Neno la bosi wake.
Ndani ya geti, ole wake alivunjaye.
Nje ya geti, ni habari.

Nilimpa fomu zetu. Akazijaza amesimama,
mtoto akachora trekta pambizoni mwa ukurasa wa tatu,
na Jaji Haskett akatia sahihi hivyo hivyo, pamoja na trekta:
amri ya muda, hadi siku ya kusikilizwa.

Siku ilipofika wakili wa sajini akainuka.
"Mteja wangu alisikilizwa na nani?
Kapteni aliandika peke yake ofisini.
Hapakuwa na shahidi, hapakuwa na swali."
Sikumpenda; tai yake ilikuwa na picha za samaki.
Lakini hapo hakukosea,
na nilijikuta nakitikisa kichwa, nikakikomesha.

Jaji akaishika karatasi ya kapteni kwa ncha za vidole.
"Nitaisoma kama barua," alisema.
"Inaniambia kuna aliyeogopa kabla yangu.
Kunihukumia haiwezi.
Sema wewe, mama. Kwa mdomo wako."

Delphine akasema.
Alishamwambia kasisi wa kambi, akamwambia kapteni,
akamwambia yule polisi wa tochi;
sasa mara ya nne, mlango ule ule, kufuli lile lile,
na sauti ikikwaruza kama gia iliyochakaa.
Sajini alitazama kofia yake mapajani.

Alitoka na amri ya mwaka mzima.
Yetu huingia kambini, askari wa getini huitii.
Ya kambini haitoki. Njia ni moja,
na sijawahi kumpata wa kunieleza sababu.

Dirishani akauliza, "Ile ya kapteni niitupe?"
Nikamwambia aitunze. Sikumwambia
kwamba Whitlow anahamia Ujerumani mwezi ujao,
wala kwamba sajini akipangiwa kikosi kingine
neno lile hubaki nyuma, kama funguo za nyumba ya kupanga.

Akataka nakala tatu: ya gari, ya shule,
moja ya kulalia chini ya mto.
Nakala ni dola moja kila ukurasa.
Mzinga ukalia, vioo vikatetemeka,
na mimi nikasahau kuhesabu.