Hati Mbili, Kiwanja Kimoja

Mpima ardhi Kyaruzi aliifunika Kariakoo,
akaifunua Chanika, mguu mmoja kwenye bikoni:
kioo cheusi, feni inavuma
kama mtu anayeota anakimbizwa.
Vipimo vya siku mbili vimo humo, hajavihifadhi.
Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama
kama ninavyomtazama daktari wa meno
akiniuliza habari za sukari.

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe,
iko mezani kwangu tangu saa nne.
Nimebadili betri; si betri.
Nimebadili ramu; si ramu.
Shomvi wa meza ya pili kasema,
"Piga windo upya, dada, twende tukale."
Shomvi hutibu kila homa kwa kuoga.

Lakini hii haiumwi. Hii inagombaniwa.

Usiku nikaunga waya mwembamba
kwenye vidoa vitatu vya shaba, pembeni mwa ubao,
nikaisikiliza inavyojisemea ikisinzia.
Kiini kinasema: nazima sauti. Nimezima.
Nazima kamera. Nimezima.
Nazima di

na hapo mstari ukakatika
kama simu iliyoishiwa salio.

Mara kumi na saba nimeilaza.
Mara kumi na sita imekatikia pale pale.
Ile ya kumi na moja iliamka vizuri tu, ikanisalimu,
na hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko zote.

Basi nikafungua majedwali ya fimwea,
yaliyoandikwa kiwandani na mtu tusiyejuana
ambaye, naapa, alikuwa na haraka.
Humo imeandikwa: umeme wa diski ni wangu,
nitaukata mimi, saa niitakayo.
Na upande wa kiini, kwa lugha ya adabu:
umeme wa diski ni wangu,
nitaukata mimi, baada ya kuaga.

Hati mbili, kiwanja kimoja.
Zote zina mhuri.
Fimwea hukata kwanza, na haimwambii mtu.
Kiini hubaki mlangoni kikibisha,
hodi, hodi, kwa heshima zote,
kwenye nyumba isiyo na mtu wala taa,
na kwa kuwa hakikufundishwa kuondoka
hubisha mpaka betri iishe.

Asubuhi nikamweleza mwenyewe.
Nilidhani atauliza bei.
Alicheka hadi akavua miwani.
"Binti, miaka ishirini na sita napanda bikoni mji huu,
na kila nikipanda, kuna mtu nyuma yangu anang'oa.
Kumbe hata humo ndani?"
Kisha akanyamaza, akaifuta miwani kwa tai.
"Na baraza lao la ardhi ni nani?"

Hakuna, nikasema. Niko mimi, na mstari mmoja.

Sikumpa haki mwenye haki, maana simjui.
Nimekiambia kiini tu: diski usiiguse;
ukilala, iache macho.
Fimwea haisikii. Ilisema mara moja, kiwandani,
ikafunga mdomo.
Ndivyo zinavyotoka hukumu nyingi:
anayeweza kusikia
ndiye huambiwa aachie.

Nikaifunika mbele yake, tukahesabu.
Thelathini. Arobaini. Mtaa ukakatika umeme,
jenereta zikaitikiana moja moja hadi Msimbazi.
Sitini. Nikafunua.
Mwanga ukampiga usoni, akarudi nyuma hatua.

Betri sasa itavuja kidogo kila usiku,
kama ndoo yenye tundu la sindano.
Nimemwambia, sikumficha.
Na vile vipimo havikurudi.
Alhamisi anakwenda tena Chanika, jua lile lile.
Nilimwona kwa dirishani akishuka,
laptopu kwapani, amesimama kwa mchuuzi wa ngazini
anachagua daftari,
anaijaribu penseli kwenye kiganja.