Mstari wa Barafuni

Saa tisa usiku, Shimanzi. Chai imepoa.
Kwenye kioo cha Shufaa mstari utokao kituo cha barafuni,
huko ncha ya dunia asikowahi kufika,
unacheza kama kifuniko cha sufuria
maji yakikaribia kuchemka.

Jua lilikohoa juzi.
Mafua yanatufikia leo.

Anaandika: meli zote zinazoingia Kilindini,
setilaiti msiiamini mpaka kupambazuke;
tazameni maboya, tazameni taa,
na dira muihoji mara mbili.

Asubuhi, Kuze, mama yake yuko uani
na beseni la nguo zilizokamuliwa.
"Huko kazini wasemaje, kuna mvua?"
"Mvua hakuna. Sumaku ya dunia imetikisika."
Mama aangalia juu: buluu tupu, joto lile lile.

"Basi nguo nianike?"

"Anika."