Nusu Inchi

Miaka ishirini na mitatu nimezibua Nakuru:
Kaptembwo, Bondeni, hoteli za barabara kuu,
sinki za maharusi, vyoo vya shule za bweni.
Uvundo naujua kwa majina yake.
Basi Sista Jerotich aliponiambia, taratibu,
"Mzee Ombati, kongosho lako limeoza upande,"
sikupiga ukelele. Niliuliza,
"Limezibwa na nini?"

Kijiwe. Punje ya mtama
iliyoshuka kutoka kwenye nyongo
ikakaa njia panda.
Mimi, wa kubeba mabomba ya chuma begani,
nikabebwa kwa shuka.

Nilitaka wanikate siku ile ile.
Daktari Atamba akakataa: "Tungoje ukuta ukomae."
Wiki tano! Homa ikija jioni, ikiondoka alfajiri
kama mpangaji asiyelipa kodi,
Kemunto akininywesha uji kwa mpira wa puani.
Jirani wa kitanda cha nane, aliyepasuliwa zamani,
alinionyesha kovu lake, toka kifuani hadi kinenani:
mtaro uliofukiwa na mkandarasi mwenye haraka.

Nami niliuelewa ule ungoje.
Shimo la choo hulinyonyi saruji haijashika.
Ukiharakisha, udongo unaporomoka
na wewe umo ndani.

Siku yenyewe wakanilaza ubavu, wakanipa usingizi.
Sikuona kitu; nasimulia ya kusimuliwa.
Mrija mweusi wenye taa na jicho
ulishuka kooni, ukafika tumboni,
ukagonga ukuta kwa sauti tusizozisikia,
kama nigongavyo vigae nikitafuta palipo wazi.
Palipoitika, akatoboa.
Akaacha bomba fupi la waya,
midomo imepanuka huku na huku lisiteleze.
Usaha ukapata njia.

Ila uchafu mzito haumwagiki wenyewe, nani asiyejua?
Alirudi mara nne na kijiwavu,
akivuta nyama iliyokufa, kipande baada ya kipande,
ya kijivu, alisema Sista,
kama sabuni iliyosahauliwa majini.
Hakuna kigae kilichopasuka.
Wenye nyumba wasingejua kama fundi alipita.

Mashine yangu ya kuchonga nyuzi za mabomba
iliuzwa Rhonda kulipia haya.
Bado napita njia nyingine nisiione.

Walipolitoa lile bomba niliomba kulitazama.
Lilikuwa kwenye kibakuli, limelowa, dogo kama kizibo.
"Upana wake, daktari?"
"Milimita kumi na tano."
"Nusu inchi," nikamwambia.
Akacheka. Sikuwa natania.

Nyumbani mfereji wa jikoni
umekuwa ukidondoka tangu nilazwe.
Kemunto ameufunga kwa ukanda wa tairi.
Nusu inchi huo pia.
Nimeketi mbele yake, spana mkononi,
mkono haujapata nguvu.
Nausikiliza kwanza.