Chagua Moja

Cheti kiko kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni,
kimelaliwa na leso za mama na risiti ya karo ya mwisho.
Sayansi ya Tarakilishi, daraja la pili, ngazi ya juu.
Baba alikishika kwa ncha za vidole, asikichafue;
vumbi la timbo halitoki kwa maji, wala kwa sabuni.
Akauliza, "Sasa hiki kinafungua mlango upi?"

Milango, baba.

Mjomba Nzaro aliniletea redio. Kisha friji. Kisha mita ya stima ya jirani.
"Si umesomea mashine?"
Hapa Maweni, msomi wa kompyuta
ni tabibu wa kila chenye waya.

Chuo cha Bi Rukiya kinataka mwalimu wa kuchapa,
elfu nane kwa mwezi, nauli juu yangu.
Hoteli kule Casuarina inataka mtu wa waifai
ambaye jioni atasaidia kukunja taulo.
Benki ya Nairobi yataka uzoefu wa miaka mitano
kwa kazi ya anayeanza.
Kiwanda cha chumvi Gongoni kilibandika tangazo
mwenye nafasi akiwa ameshavaa buti.
Na Saumu, tuliyegawana dawati na chapati,
ananiandikia kutoka Berlin saa nane za usiku: njoo, nafasi zipo.
Kana kwamba kuna kivuko cha shilingi ishirini.

Kwa sasa nalea mashine.
Usiku, bando likiwa rahisi,
picha moja senti sitini.
Yauliza kama mtoto aliyeanza kusema: hiki nini? na hiki?
Gari. Mti. Ngazi. Mbwa. Si mbwa.
Theluji sijaigusa, lakini naitambua kwa mbali
kama jirani nisiyesalimiana naye.

Juzi ikaja picha ya elfu nne na mia mbili na kitu:
shimo jeupe, kuta zimekatwa mraba kwa mraba,
chini mtu mmoja, mgongo alama ya kuuliza,
mtaimbo mkononi.
Si Maweni. Pengine Msumbiji, pengine Bara Hindi.
Ule mkao lakini naujua, hukaa hivyo hata mezani.
Orodha ikashuka:

Gofu.
Jaa la taka.
Athari za tetemeko.
Hakuna.
Chagua moja.

Nilikaa nayo dakika sita,
shilingi ishirini na kitu zikinipita.
Chini kabisa kuna kisanduku: Nyingine, taja.
Nikataja. Timbo. Mtu yuko kazini.
Jibu likarudi chai haijapoa:
"Halilingani na la wenzako. Alama zako zimepunguzwa."

Wenzangu! Ni nani hao?
Nikatuona, kila mmoja na giza lake na bando lake,
tukibonyeza Gofu, Gofu, Gofu,
maana dakika sita hatuna.

Nilisoma muhula mzima namna mashine inavyokosea.
Mtihani ulitaka sababu tatu, nikazitoa zote.
Ya nne sikuijua:
kwamba mkono unaoifunza kukosea
waweza kuwa huu.

Alfajiri baba anatafuta kofia.
"Jana imekuuliza nini?"
Huuliza kila siku, kama anayejulia hali mgonjwa.
"Imeniuliza wewe ni nini."
Akacheka hadi akakohoa.
"Ukajibu?"
"Nikajibu. Wakanikata."
"Wamekata ngapi?"

Hilo analielewa bila shahada.
Mwenye lori humkata mawe kumi katika kila mia,
eti yamevunjika njiani,
na njia yenyewe ni lami tupu.

Akafunga kamba ya kiatu, ile fupi, mara mbili.
"Ikiuliza tena, jibu vilevile," akasema, akatoka.

Zimebaki picha mia tatu.
Mezani, fomu ya Bi Rukiya, nayo haijajazwa,
imekwama mstari wa tatu:
Kazi unayofanya sasa.
Nafasi waliyoacha yatosha neno moja,
na kalamu ya baba, ya kuhesabia mawe,
inaandika kwa kukwaruza.