Mzizi wa Neno

Lambrini ana miaka kumi na kazi ya shule:
tafuta mzizi wa neno *mistirio*.
Kalamu ameitia mdomoni, miguu haifiki sakafuni,
na dirishani Elefsina inafuka moshi wake wa kila siku,
wa mafuta, wa saruji.

Bibi yake Polikseni hagusi kamusi.
Anafunga bomba, anafuta mikono kwenye aproni.
Niangalie, anasema.
Anafumba macho.
Anafumba mdomo.
Anakaa hivyo mpaka mtoto anaanza kuogopa.
"Umeuona? Ndio huo.
*Mio*, walisema wazee wetu: nafumba.
Mengine yote ni majani."

Miaka ishirini na sita alishika funguo za magofu.
Wageni walimuuliza kwa kila lugha, hata kwa vidole:
humu ndani walionyeshwa nini?
Maelfu waliingia usiku, mwaka hata mwaka,
mtumwa na bwana wake, mkunga, mke wa jemadari,
wakatoka, wakarudi kukamua zeituni zao,
na hakuna aliyetoboa.
Wapo wasemao ni suke la ngano, limevunwa kimya.
Suke tu!
"Basi mwokaji wetu ni kuhani," Polikseni alikuwa akicheka,
kisha akafunga lango,
akalitikisa mara mbili.

Mwalimu atataka zaidi. Lambrini anafunua kamusi.
Neno lilivuka hadi Rumi, likavaa joho la padri;
likapanda kaskazini, likachanganywa na jingine
lililofanana nalo bila undugu,
neno la ufundi, la kazi ya mikono,
hata mwashi na mtengeneza ngozi wakaziita kazi zao hivyo
na mwanagenzi akaapa
kutomwambia jirani kipimo cha chokaa.
"Babu naye alikuwa na siri ya saruji?"
"Babu alikuwa na vumbi la saruji.
Kifuani."

Nami ninayeandika haya kwa Kiswahili
nalitazama fumbo, namwona mama yake, fumba.
Lugha mbili zisizowahi kula sahani moja
zimekutana kwenye kope.
Fumbo mfumbie mjinga, tuliambiwa,
mwerevu atang'amua.
Sijui. Nimewaona werevu
wamesimama mbele ya mlango uliofungwa
wakiusifu ubao.

Wadi ya tatu, kabla hakujapambazuka,
Thrasivulos alimshika mkewe kiwiko:
"Polikseni, lile..."
Kufumba na kufumbua, hakuna tena.
Lile nini? Deni? Shamba la Mandra? Jina la mtu?
Akamfumba macho kwa vidole viwili,
akamfunga kidevu kwa leso yake mwenyewe,
akatoka nje. Lori la mikate lilikuwa likishusha.
Akanunua mmoja, akaula wote akiwa amesimama,
ungali moto,
mpaka vidole vikanuka ngano.
Hilo hajamsimulia mtu.

Lambrini ameandika: *Mzizi: kufumba.*
Anapigia mstari kwa rula. Halafu, bila kuinua kichwa:
"Bibi, ulipofumba macho
uliona nini?"

Polikseni anafungua bomba.
Maji yanapiga sufuria kwa kelele,
na sahani bado ni nyingi.